Propela Kubwa na Pumzi ya Shija

Juzi alikuja dukani kwangu kijana mmoja kutoka ziwani, akaegemea meza na kuniambia anataka propela, ile kubwa kuliko zote nilizonazo. Nikamuuliza boti yake ni ya mbao au ya faiba. Nikamuuliza inabeba abiria au dagaa, injini yake ina nguvu gani, na ikishajaa mzigo mlio wake unakuwaje. Alinitazama, akamgeukia mwenzake aliyesimama mlangoni na kusema, "Huyu dada vipi? Nimekuja kununua propela, mbona ananihoji kama nimekuja kuposa?" Wakacheka. Nikacheka nao, kisha nikamuuliza tena. Ndivyo nilivyo. Siwezi kumpa mtu kitu nikiwa sina hakika kwamba ndicho, na hakika kwangu haifiki upesi.

Alikuwa amebeba dumu la petroli iliyokwisha kuchanganywa na oili, kifuniko hakikukazwa sawasawa. Harufu ikajaa duka. Sijui ninyi wenzangu wa rika langu, tuliokua wakati simu moja ilikuwa ya nyumba nzima, ni harufu gani huwarudisha utotoni. Wengi husema mvua ya kwanza juu ya vumbi, au mchele mpya ukichemka. Mimi ni hii, na hainirudishi taratibu. Hunikamata shingoni. Nilimwomba yule kijana atoe dumu lake nje, nikakaa juu ya kreti la soda mpaka kifua kikatulia.

Sikusomea ufundi wa injini. Nilijifundisha mwenyewe, kwa kufungua zilizokufa, kwa kusoma vitabu vya maelekezo neno kwa neno, kwa kutazama video kwenye simu na kuzirudisha nyuma mpaka chaji inakwisha. Watu hapa Geita hudhani naipenda injini. Ukweli ni kwamba niliiogopa kwanza, na nadhani bado naiogopa. Nimejifunza tu jina la kila kipande ninachokiogopa.

Baba yangu hakuwa mtu wa maji. Alikuwa mchimbaji wa Nyarugusu, mtu wa nyundo na patasi, aliyezoea kushuka kwenye duara, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo lao, akiwa na tochi kichwani na kamba kiunoni. Mama alikuwa akiosha mchanga wa dhahabu pembeni, juu ya ubao uliotandikwa taulo kuukuu ili chembe zinase. Siku matimba, magogo yanayozuia kuta za shimo, yalipovunjika kwenye duara la jirani na watu wakachimbwa badala ya mawe, mama alimwambia baba kwamba yeye hataki kuwa mjane wa shimo. Tukahamia kisiwani, kisiwa kidogo cha mawe na vibanda vya mabati ambacho ukikitazama kutoka bara ni kama ng'ombe aliyelala majini. Baba akanunua boti ya mbao iliyokwisha kutumika, akanunua na injini ya kufunga nyuma, akaanza kuvusha watu.

Alikuja ziwani na akili za machimbo. Kule, mwenye karasha kubwa ndiye anayesaga mawe mengi, na mwenye pampu kubwa ndiye anayekausha duara lake mapema. Ukubwa ulikuwa haujawahi kumdanganya. Kwa hiyo mfanyabiashara mmoja aliyeleta vipuri kutoka pwani alipomwonyesha propela ya chuma kisichoshika kutu, yenye mapanga mapana yaliyopinda sana ili kila mzunguko ukamate maji mengi, baba hakuuliza zaidi. Mfanyabiashara hakusema uongo. Kule Tanga, alisema, injini kama yako inaruka na propela hii. Baba aliileta nyumbani imefungwa kwenye kanga ya mama, akaiweka juu ya meza tuliyolia chakula. Nilijitazama kwenye panga lake moja na kuuona uso wangu umevutwa, mdomo mrefu, macho yamekimbilia pembeni. Ile ya zamani, ndogo, nyepesi, iliyomeguka ncha, aliisukuma uvunguni kwa mguu.

Pale mwaloni, ufukweni boti zinapofika na kuondoka, alikuwapo nahodha jirani yetu aliyeitwa Bahati, mtu mwembamba mwenye mdomo usiopumzika. Alimtazama baba akiifunga propela mpya, akapiga mluzi.

"Masanja, hapo umemfunga ng'ombe jembe la trekta."

"Wivu huo," baba akasema bila kuinua kichwa.

"Sikuonei wivu, nakuonea huruma. Bahari iko chini, kaka. Ziwa hili limepakatwa juu ya nchi, na huku juu hewa ni nyembamba. Injini inavuta pumzi kama mtu. Hapa pumzi haiitoshi, halafu wewe unaitwisha mzigo wa pwani."

"Hewa nyembamba! Wewe mbona unayo ya kuongea kutwa nzima?"

Wanawake waliokuwa wakianika dagaa walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Bahati naye alicheka, hakuwa mtu wa kununa. Baba aliingia kwenye boti tupu, akazunguka nayo kwenye maji yaliyotulia, ikaenda vizuri, akarudi ametoa meno yote.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimembeba mdogo wangu Shija mgongoni, na Shija alikuwa na pumu.

Nataka mnielewe hapa, kwa sababu hiki ndicho nilichokibeba peke yangu kwa muda mrefu. Nilikuwa bado sijaanza kusoma vizuri. Nilisikia kwamba hewa ya kwetu ni ndogo, na kwamba injini inavuta pumzi kama mtu. Nikaelewa kwamba hewa ni kama unga kwenye debe: upo kiasi fulani, na anayechota sana anampunguzia mwenzake. Ghafla kila kitu kilikuwa na maelezo. Shija alikuwa hapati pumzi kwa sababu mwaloni kulikuwa na injini nyingi, na sasa ya baba ilikuwa imepewa mdomo mpana zaidi.

Kuanzia siku hiyo nikawa na kazi. Injini zikianza kuwaka asubuhi, nilimbeba Shija na kupanda naye kwenye majabali nyuma ya nyumba, mbali na mwalo. Mama aliwaambia majirani kwamba Minza anampenda mdogo wake kupita kiasi. Lakini siku moja, nikiwa juu kabisa ya jabali, nilikumbuka maneno mengine ya Bahati: huku juu hewa ni nyembamba. Juu! Nilikuwa nimempandisha mtoto mahali penye hewa ndogo zaidi. Nilishuka naye mbio hata nikajichubua goti, nikafika chini kwenye injini, nikasimama katikati ya njia, sijui niende wapi. Juu hakufai, chini hakufai. Mpaka leo, nikishindwa kuchagua kati ya vitu viwili, goti lile ndilo linaloanza kuuma. Sikumwambia mtu. Nilidhani wakubwa wanajua na wameamua kunyamaza, kama walivyonyamaza kuhusu wale waliobaki kwenye duara.

Asubuhi ninayotaka kuieleza, Shija aliamka akiwa ameketi. Aliyewahi kuishi na mwenye pumu anaijua hali hiyo: mtoto amekaa kitako, mikono magotini, mabega yamepanda karibu na masikio, na nafasi kati ya mbavu inaingia ndani kila anapovuta. Kifua chake kililia kama bawaba kavu. Mama aliitikisa dawa ya kupuliza, akaiminya mdomoni kwake, ikatoa upepo mtupu. Kisiwani hakukuwa na zahanati. Hospitali ilikuwa bara, ng'ambo ya maji mapana, na kila mtu wa kisiwa alijua kwamba jua likishapanda, upepo huamka na ziwa hubadilika sura.

Bahati alikuja bila kuitwa. Boti yake ilikuwa bado haijarudi na vijana wake. "Nitakwenda nanyi, nichote maji yakiingia," alisema. Kisha akamsogelea baba na kushusha sauti, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. "Kaka, leo siyo siku ya ubishi. Funga ile ndogo."

"Leo ndiyo siku yenyewe ya hii kubwa," baba akajibu. "Mtoto anataka mwendo."

Sitaki mumcheke baba yangu. Nimekwisha kumgeuza kichwani mara nyingi, na kila mara naona kwamba alichosema kilikuwa na akili. Mwanao anapokosa pumzi mbele ya macho yako, mkono gani utachagua kilicho kidogo? Mama hakuwabishia. Aliingia ndani, akatoka na beseni la nguo za Shija kichwani, akapanda botini akakaa nyuma karibu na baba, Shija kifuani pake. Mimi nikakaa miguuni pake. Hakuna aliyesema nibaki, na hakuna aliyesema niende.

Mwanzoni maji yalikuwa shwari. Tulipotoka kwenye kinga ya kisiwa, ile boti ya mbao iliyonywa maji kwa miaka ikaanza kuonyesha uzito wake. Baba alikaza moto, akaiongezea injini mafuta. Mlio wa injini haukupanda. Ulibaki chini kabisa, unakoroma, kama mtu anayesukuma lori kwa bega. Pua ya boti iliinuka, nyuma ikakaa ndani ya maji, na tulikwenda hivyo, tumeketi, tunalima ziwa badala ya kulipita juu. Moshi wa buluu ulitoka mzito. Kisha upepo ukaamka, nao ulikuwa unatoka nyuma yetu, ukauokota ule moshi na kutufunika nao.

Mawimbi nayo yalitoka nyuma. Boti iendayo kasi huyaacha au hukimbia nayo. Yetu ilikuwa inasubiri yaifikie. La kwanza liligonga tu ubao. Lililofuata lilimwaga maji miguuni pangu, ya baridi, yenye utando wa oili. Bahati alikuwa amekwisha kushika kopo, anachota na kumwaga, anachota na kumwaga.

Nilimtazama Shija. Midomo ilikuwa na rangi ya jivu. Kila injini ilipokoroma, kifua chake nacho kilikoroma, na mimi niliona wazi kabisa kinachotokea: vilikuwa vinagombania kitu kimoja, na kile kikubwa kilikuwa kinashinda. Nikaanza kubana pumzi zangu. Nilifikiri nikivuta kidogo, kitabaki kidogo cha kwake. Nilibana mpaka vidoti vyeusi vikaelea mbele ya macho, nikavuta haraka kama mwizi, nikabana tena.

"Masanja," Bahati akasema, "injini inachemka. Itakufa hapahapa."

"Haifi."

"Isikilize! Haizunguki, inahangaika tu. Ikifa yenyewe haiwaki tena, na sisi tutakuwa ubavu kwa mawimbi."

Baba alikaza tena moto, mpini wake ulikuwa umefika mwisho. Hakuna kilichoongezeka ila moshi. Ndipo mama alipoliburuta beseni kwa mguu na kuzitupa nguo za Shija pembeni. Chini ya nguo ilikuwamo ile propela ndogo, bado ina utando wa buibui wa uvunguni, na juu yake spana.

Baba aliitazama. "Umeileta?"

"Nimeleta nguo za mtoto," mama akasema. "Na hiyo. Zima, Baba Minza."

"Nizime katikati ya maji haya?"

"Zima wakati bado ni wewe unayezima."

Nimejifunza mambo mengi kuhusu injini tangu siku ile, lakini sijapata sentensi yenye maana kuliko hiyo. Baba alitazama bara, ambayo ilikuwa mstari wa kijani usiosogea. Alitazama mawimbi nyuma. Nadhani alikuwa anapiga hesabu za mchimbaji, kati ya kupanda kamba sasa na kuendelea kugonga. Akazima.

Sijui niwaelezeje ule ukimya. Wakubwa wote watatu uso uliwakauka. Bahati alirukia kasia, akalitia nyuma kuzuia boti isigeuke ubavu, mishipa ya shingo imemtoka. Mama alinikabidhi Shija kwa haraka. Nami, katikati ya hofu yao, nilikuwa nafurahi. Imekufa! Imeacha kula! Upepo ulipeleka ule moshi mbali, hewa safi ya ziwa ikatufikia, na Shija, kifuani pangu, alikohoa, akavuta pumzi iliyofika ndani zaidi ya zile za kabla. Niliisikia ikishuka. Nilikaribia kupiga vigelegele.

Baba aliinua injini ili propela itoke majini, akalala kifudifudi juu ya ubao wa nyuma, nusu ya mwili ikining'inia nje. Kazi yenyewe siyo kubwa. Leo naifanya nikiongea na mteja: unanyoosha pini, unaitoa, unafungua nati, unavuta propela. Lakini fanya hivyo boti ikipanda na kushuka, na chini yako pana kina ambacho nati ikidondoka hairudi. Propela isiyo na nati ni kisahani tu.

"Mayu," baba akamwita mama kwa Kisukuma, kama alivyomwita zamani machimboni, "mikono inateleza."

Mama alifungua kanga yake kiunoni, akabaki na gauni, akajilaza kando yake na kuitandaza kanga chini ya propela, pembe mbili mkononi, mbili baba amezishikilia kwa kiwiko. Ilikuwa vilevile kama alivyotandika taulo kwenye ubao wa kuoshea mchanga, yenye bonde katikati, ili kinachodondoka kisiende na maji. Pini ilitoka. Nati ikagoma, ikalegea, kisha wimbi likainua boti na nati ikaruka kutoka vidoleni mwa baba. Sikupumua, safari hii bila kukusudia.

"Imenasa," mama akasema.

Propela kubwa ilikuwa imekwama. Baba aliigonga kwa mpini wa kasia la akiba, ikasogea. Akaivuta kwa mikono mitupu akitukana kimyakimya. Ilipochomoka, wimbi lile kubwa kuliko yote lilitugonga. Bahati alipiga kelele, "Shika boti!" Baba alikuwa na mikono miwili, na mmoja wake tayari ulikuwa umeishika kanga yenye nati na pini, pamoja na mkono wa mama ndani yake. Akaufungua mwingine na kukamata ubao. Ile propela iling'aa chini ya maji kidogo, ikizunguka polepole, kisha ikazama. Hakuitazama. Aliomba ile ndogo.

Ilipokwisha kukazwa na injini kushushwa, baba alikunja kamba ya kuwashia mkononi. Hapo ndipo nilipoinuka, Shija mikononi, na kusimama kati yake na injini. Mtoto wa kike wa nyumba yetu hakuwahi kusimama mbele ya baba namna hiyo.

"Baba, usiiwashe."

"Minza, kaa chini!"

"Inamaliza hewa ya Shija. Inaivuta yote. Imezimwa tu akapumua, hukumwona? Hewa ya huku haitoshi, baba, tusiiwashe, tupige kasia."

"Nani kakwambia hayo?"

Nilimnyooshea kidole Bahati. Bahati, jasho likimchuruzika, kasia mkononi, alisema, "Mimi? Mungu wangu, mimi?" Alitaka kucheka, akaona uso wangu, akaacha.

Lakini mama alikuwa ananitazama kwa namna nyingine. Alimtazama Shija, akatazama injini, akatazama upepo unakotoka. "Moshi," akasema taratibu. "Baba Minza, mtoto anasema kweli. Ni ule moshi. Tumemkalisha kwenye moshi tangu kisiwani." Akamchukua Shija, akaniambia, "Mbele. Twende puani kabisa."

Baba hakunipiga wala hakunisukuma. Alinishika bega, mkono ukinuka petroli na oili, akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu. "Sikiliza, ng'wanawane," alisema. Ndivyo alivyoniita, mwanangu kwa Kisukuma, alipokuwa na utulivu. "Ukiwa chini kwenye duara na hewa ni ndogo, mtu akikupa nyundo nzito, anakumaliza. Unahema, hupasui jiwe. Ukipewa nyepesi, unapiga harakaharaka na jiwe linapasuka. Mimi niliipa injini nyundo nzito. Sasa ina nyepesi. Haitamgusa Shija."

Alisema hivyo kwa sauti, Bahati akisikia. Bahati aligeuza uso na kutazama maji.

Tulitambaa hadi mbele, mama na Shija na mimi. Baba alivuta kamba. Injini ikakohoa. Akavuta tena, ikashika, na mlio ulikuwa mwingine kabisa: mwembamba, wa juu, unaopanda na kuendelea kupanda kama sauti ya mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Uzito wetu ulikuwa mbele sasa, nyuma ya boti ikainuka, pua ikashuka, na boti ikaanza kuteleza juu ya maji. Wimbi lililokuwa likitukimbilia liliinua mgongo wetu kidogo na kutuacha hapo, halikuingia. Moshi, mdogo na mweupe, ulibaki nyuma yetu. Bahati alichota maji yaliyobaki, kisha akakaa chini.

Nimesoma tangu wakati ule. Najua sasa kwamba hewa ya ziwa letu inamtosha mwanadamu kabisa, hata mwenye pumu, na kwamba aliyepungukiwa pale alikuwa injini peke yake, ambayo huku juu hupoteza sehemu ya nguvu iliyokuwa nayo pwani, ndiyo maana huhitaji propela isiyokamata maji mengi kwa mkupuo mmoja. Najua hewa haichotwi kama unga. Nimeyathibitisha hayo kwenye vitabu, nikayathibitisha tena kwa kufunga propela moja baada ya nyingine na kusikiliza. Hakuna hata moja kati ya hayo lililoweza kumfikia yule mtoto wa puani mwa boti, aliyekuwa anabana pumzi bado, kwa tahadhari, hata baada ya baba kumweleza.

Bara tulipanda bodaboda, mama na Shija kwenye moja, baba na mimi kwenye nyingine, na dereva wetu alipiga honi njia nzima bila kuambiwa. Hospitalini muuguzi mmoja, mama mnene mwenye sauti ya kuamuru, alimpokea Shija hata kabla sijamaliza kumwambia shikamoo. Walimvisha kifuniko cha plastiki puani na mdomoni, chenye mrija uliokwenda kwenye mashine ndogo juu ya meza. Mashine ikaanza kunguruma.

Niliushika mrija. "Inavuta au inatoa?"

"Unasema?"

"Hii mashine. Inavuta hewa yake au inampa?"

Muuguzi alimtazama mama, mama akatazama chini. "Inampa, mwanangu," akasema, na sauti ya kuamuru haikuwapo. "Inampa dawa na hewa. Wewe kaa hapo umwangalie." Kisha akamgeukia baba aliyekuwa amesimama mlangoni, nguo zimelowa kuanzia kifuani. "Baba, samahani, nje. Unanuka petroli, na huyu kifua chake hakitaki."

Baba alitoka. Mama alilala ameketi, kichwa ukutani, mkono umekunjwa bado kana kwamba una kitu ndani yake. Mashine ilizimwa, ikawashwa tena, ikazimwa. Mabega ya Shija yalishuka kidogokidogo, mpaka akalala ubavu, jambo ambalo hakuwa ameliweza tangu asubuhi. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa macho chumbani. Dirisha lilikuwa na wavu, na nyuma ya wavu kikatokea kivuli.

"Minza."

"Abee, baba."

"Weka mkono puani kwake. Hewa inatoka?"

Nikaweka. "Inatoka. Ya moto."

"Ya kutosha?"

Sikujua ya kutosha ni kiasi gani. Nilisogeza kiganja karibu, nikangoja, ikaja nyingine, na nyingine. "Ya kutosha," nikasema.

Nilisikia kandambili zake zikienda mpaka mwisho wa ukuta na kurudi. Alisimama tena palepale, akaweka paji la uso wake kwenye wavu.

"Hakikisha tena," alisema.

Nikahakikisha tena.